Tuta Lisilotakiwa Kuweka Maji

Nilipoolewa sikujua kulima. Nilizaliwa Ufukoni, pale Mtwara mjini, kwa baba aliyeishi kwa kuzamia majongoo ya bahari. Nilimfuata majini tangu meno ya utoto hayajang'oka, nikapiga mbizi pamoja na kaka zangu, mpaka nilipovunja ungo na mama akasema basi, mwari hatembei mbele za watu na nguo zimemganda mwilini. Tangu hapo bahari nikawa naisikia tu nikiwa ndani.

Mume wangu alitoka Mtawanya, kwenye familia ya mikorosho na mihogo. Baba yake alipofariki, na serikali ilipokuwa ikiwataka watu waishi pamoja vijijini, mama yake akasema yeye atarudi kwa ndugu zake, chini ya uwanda wa juu wa Makonde, ambako kijiji kipya kilikuwa kinaanzishwa kando ya korongo linaloteremka kwenda Ruvuma. Mume wangu ndiye kitinda mimba, na mama hawezi kuachwa peke yake. Tukapakia vyombo kwenye lori, mimi na mimba yangu ya kwanza nikakaa mbele na dereva, tukaenda.

Kile kijiji kilikuwa kikavu kwa namna ambayo mtoto wa pwani haijui. Korongo lenyewe lilikuwa mchanga mtupu, mweupe, mbuzi wakilala katikati yake kama uwanjani. Maji tuliyafuata Ruvuma. Tuliondoka mara baada ya swala ya alfajiri, tukarudi jua limeshapanda, ndoo kichwani, shingo zimekauka kama kuni. Mtoni kulikuwa na mamba, na ng'ambo kulikuwa na vita vya Mreno. Siku nyingine risasi zililia upande wa pili, tukatupa ndoo, tukalala kifudifudi kwenye matete, kisha tukainuka na kuteka tena, kwa sababu nyumbani hakukuwa na tone.

Mimi sikutulia. Nikikaa nilitaka kusimama, nikisimama nilitaka kwenda, na pa kwenda hapakuwapo. Nilifagia uwanja uliokwisha fagiwa. Nilitoka kutazama njia ya lori wakati najua lori haliji. Mama mkwe akanitazama akacheka.

"Wewe mwana wa pwani, umekalia upupu?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa. Ardhi haikimbii."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye chale za zamani usoni na sauti ya mtu aliyezoea kuita wenzake kutoka shamba moja hadi jingine. Kulima alinifundisha yeye, na hakunifundisha kwa upole.

Ardhi haikukimbia, lakini masika ya kwanza ilitaka kuondoka nasi. Siku yenyewe jua lilikuwa linawaka. Mvua ilinyesha juu uwandani, sisi hatukuona hata wingu, tukasikia tu mngurumo tukadhani ni mizinga ng'ambo. Mtu mmoja akapiga kelele, "Korongo! Korongo!" Maji yalikuja yamesimama, mekundu, yamebeba miti na mbuzi. Nyumba zetu za udongo zililowa miguuni zikapiga magoti. Tulikimbilia mteremkoni, mimi nimemshika mtoto mchanga kifuani, mume wangu amembeba mama yake mgongoni huku mama mwenyewe anampiga mabegani amrudishe akachukue kinu. Jirani yetu, mzee aliyekuwa akisuka mikeka, hatukumwona tena. Mkeka wake aliokuwa akiusuka tuliukuta umenasa kwenye mkorosho.

Baada ya hapo ndipo alipoletwa yule tuliyemwita Bwana Maji. Alikuwa kijana wa idara, mrefu, mwenye kofia ya majani na tabia ya kupiga mluzi anapofikiri. Alipandisha korongo, akachagua mahali lilipobanwa na vilima viwili, akasema hapo tutajenga tuta.

Tulilijenga kiangazi chote. Katapila lilikuja, likafanya kazi, likaharibika, likaondoka, na iliyobaki tukaimaliza kwa majembe na makarai. Katikati tuliweka udongo wa mfinyanzi, pembeni udongo wa kawaida. Wanaume walishindilia kwa magogo wakiimba, wanawake tulileta maji ya kulowesha udongo ushikane. Maji hayo hayo ya Ruvuma. Fikiri: unabeba ndoo kutoka mtoni kwenye mamba, halafu unaimwaga chini. Mama mkwe alikuwa akimwaga yake kwa uchungu, pole pole, kama mtu anayemwaga mafuta.

"Lakini likiisha," aliniambia, "tutateka hapa hapa mlangoni."

Wanawake wote walidhani hivyo. Bwana Maji alipogundua tunavyodhani, alituita, akatuonyesha bomba kubwa la saruji lililopita chini kabisa ya tuta, toka upande wa juu hadi upande wa kijiji.

"Mama zangu, hili si la kuweka maji," alisema. "Ni la kuyachelewesha. Maji yakija kwa hasira yatasimama hapa, yatoke kwa bomba kidogo kidogo, yaende zake. Yakiisha, tuta linabaki tupu likingoja mengine. Likikaa limejaa, siku mafuriko yakija yatapata wapi nafasi?"

Mama mkwe alisimama na karai lake kiunoni.

"Yaani tumebeba maji tukajenga nyumba ya maji, na maji yenyewe hayatalala humo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," alisema. Haya yake haikuwa ya kukubali.

Masika yaliyofuata tuta lilifanya kazi yake. Korongo lilikuja vile vile, kwa kishindo kile kile, likagonga udongo wetu likasimama. Upande wa juu palitokea ziwa. Upande wetu bomba lilitoa maji kiasi cha kijito, watoto wakacheza ndani yake. Tulichinja mbuzi, shehe akasoma dua. Halafu tukatazama lile ziwa likipungua. Kila asubuhi wanawake walipanda tutani na kukuta maji yameteremka zaidi, mpaka likabaki tope, tope likapasuka, na sisi tukashika tena njia ya Ruvuma. Nilimwona mama mkwe ameketi juu ya tuta anatazama lile tope kama mtu aliyetoka mazikoni.

Nami nilikuwa na yangu. Tangu tuta liishe nilikuwa siwezi kupika bila kugeuka kulitazama. Nyumba yetu mpya ilikuwa chini yake moja kwa moja. Kiangazi lilikuwa kilima tu. Lakini nilikwisha yaona maji yamesimama nyuma yake, juu kupita paa langu, na baharini nilijifunza kwamba maji hayasahau njia. Nilimwambia mume wangu turudi mjini. Akasema mama hatakubali. Nikasema basi tujenge mteremkoni. Akasema nguzo hazijaoza, tubomoe nyumba mpya kwa nini? Kila mazungumzo yetu yaliishia kwa mmoja wetu kuchukua jembe na kutoka.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoonekana kama zimekwisha na ziwa lilikuwa bado lina maji nusu, siku moja niliamka nikasikia kimya. Kile kijito cha bomba kilikuwa hakilii. Nikatoka nikaenda kwenye mdomo wa bomba, upande wetu. Ulikuwa unadondosha matone. Nikapanda juu ya tuta na mtoto mgongoni. Ziwa lilikuwa limetulia, na kwenye ukingo wake walikuwa wanawake wa kijiji, wamejifunga kanga viunoni, matope hadi mapajani, wanacheka kama wasichana. Mama mkwe alikuwa katikati yao. Walikuwa wameziba mdomo wa juu wa bomba kwa magunia ya mchanga na udongo wa mfinyanzi, wakiyasukuma kwa miti.

"Njoo uteke, mwanangu!" aliniita. "Mwaka huu hakuna Ruvuma!"

"Mama, Bwana Maji alisema—"

"Bwana Maji anakunywa maji ya bomba mjini kwao. Mvua zimekwisha. Tutazibua kabla ya vuli."

Nilisimama pale nikiwa na ndoo. Nilikuwa na kiu kama wao. Niliteka, kwa sababu maji yapo miguuni pangu na mtoto anataka kuoga. Jioni nilimweleza mume wangu. Akasema, "Usimguse mama kwa hilo. Unajua ni mara ngapi amenusurika na mamba?" Wanaume wote wa kijiji walijua, na wote waliyanywa yale maji wakanyamaza.

Zile wiki zilikuwa nzuri kwa kila mtu isipokuwa mimi. Wanawake walipata muda wa kukaa barazani kusukana nywele. Mchicha ukaota nyuma ya nyumba. Mimi nikawa napanda tuta asubuhi, mchana, na jioni, nikichomeka kijiti ukingoni mwa maji nione kama yanapanda. Jirani mmoja akaniuliza kama nimeajiriwa. Nilicheka naye nikarudi nyumbani, nikaweka sufuria motoni, nikaitoa, nikapanda tena.

Kisha ikaja mvua ambayo hakuna aliyeiita. Ilianza alfajiri, na haikuwa ya uwandani tu, ilitupiga sisi wenyewe. Upepo uling'oa makuti. Kufika wakati wa adhuhuri, maji ya korongo yalikuwa yameingia juu ya yale yaliyokwisha kuwapo, na nilipopanda tutani sikukiona kijiti changu. Ziwa lilikuwa karibu na mgongo wa tuta, linapiga, na kwenye bega moja udongo ulikuwa umeanza kumeguka vipande vipande. Upande wa kijiji, chini, nyasi zilikuwa zinavuja jasho.

Kijiji chote kikapanda. Watoto na wazee walipelekwa mteremkoni. Wanaume wakajaribu kuyasukuma yale magunia kwa miti mirefu kutoka juu, lakini yalikuwa mbali chini, na maji yenyewe yaliyakandamiza. Mmoja akajifunga kamba akaingia mpaka kifuani, akameza maji, akavutwa akitapika. Wote walikuwa watu wa uwandani. Maji yanayozidi kiuno hawakuwahi kuyaingia maishani mwao.

Nilimwambia mume wangu, "Nipe kaptula yako."

Alielewa mara moja. "Huendi."

"Nani ataenda?"

"Huendi, nimesema. Tutahama, acha libomoke."

"Na likibomoka wakati watu wako njiani?"

Aligeuka akatazama kijiji. Bado kulikuwa na watu chini wanahangaika na magodoro na kuku. Alivua kaptula yake ya kazi, akabaki na msuli, akanipa bila kunitazama. Nilivaa pale pale chini ya kanga, nikakaza, nikaitoa kanga. Wazee wakageuza nyuso zao. Mume wangu alinifunga kamba kiunoni yeye mwenyewe, akavuta fundo mpaka nikaguna. Nilimpa mama mkwe mtoto. Alimpokea, akamkabidhi mwanamke mwingine papo hapo, akashika mkia wa kamba yangu mbele ya wanaume wote.

"Hii naishika mimi," alisema. Akaizungusha mara mbili kiganjani.

Nilikuwa sijazama tangu usichana wangu. Nilivuta pumzi kama baba alivyonifundisha, taratibu, tumbo kwanza, nikaingia.

Maji yale hayakuwa bahari. Yalikuwa mazito, hayana chumvi ya kukubeba, na ukifungua macho huoni hata mkono wako. Nilishuka kwa kupapasa mteremko wa tuta. Mara ya kwanza sikupata kitu, nikapanda juu kutafuta hewa. Mara ya pili niligusa saruji. Nikafuata saruji, nikagusa gunia, nikahisi shingo yake iliyofungwa kwa kamba. Nilipanda, nikachukua kamba nyingine ya katani, nikashuka nayo, nikaifunga pale shingoni. Nikatoka, nikawapungia mkono. Walivuta wote kwa pamoja, wakipiga kelele ile ile ya kushindilia udongo, na gunia likatoka.

La pili lilikuwa gumu zaidi, limekwama na udongo wa mfinyanzi. Nililitikisa kwa mikono miwili, nikalifunga, nikapanda. Wakalivuta. Lilipotoka nilikuwa nimeshashuka tena kutafuta la tatu, kwa haraka, bila kungoja, na hapo ndipo bomba lilipoanza kunywa. Nilihisi maji yanapita karibu na masikio yangu yote kwa upande mmoja. Mkono wangu wa kushoto uliingia mdomoni mwa bomba, gunia lililobaki likageuka likaubana kwenye saruji. Nilisikia mfupa. Sikuusikia kwa sikio, niliusikia kwa meno.

Sikumbuki kwamba niliogopa. Nakumbuka nilikasirika. Nilivuta kamba ya kiunoni kwa mkono mzima, na juu wakavuta, na bomba likavuta, kisha lile gunia lililokuwa limeoza likapasuka, mchanga wote ukaondoka na maji, nami nikatolewa juu kama ndoo.

Nilifumbua macho nimelala kwenye matope ya mgongo wa tuta. Mvua ilikuwa inanipiga usoni. Upande wa kijiji palikuwa na ngurumo, bomba linatema maji mbali, mekundu, yakichukua choo chetu na mchicha wangu. Mume wangu alikuwa ameshika kichwa changu, anasema neno moja tu, jina langu, hajawahi kuliita mbele za watu. Mama mkwe alikuwa bado ameshika kamba. Viganja vyake vilikuwa vimechunika.

Maji yaliendelea kupanda kwa muda, yakafika mahali ambapo mtu akikanyaga mgongo wa tuta anaacha nyayo zinazojaa maji. Wanaume walijaza udongo begani palipomeguka, wengine wakijaza, wengine wakishindilia. Kabla ya magharibi mtu akasema, "Yamesimama." Hatukumwamini. Baadaye yakaanza kushuka, na watu wakaketi chini hapo hapo kwenye mvua.

Barabara ilipokauka kidogo Bwana Maji alikuja, na mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti wa kijiji alisimama akauliza, kwa sauti ya mkutano, "Ndugu wananchi, nani aliziba bomba?"

Wanawake walitazama vidole vya miguu yao. Mkono wangu ulikuwa umefungwa kwa vijiti na vitambaa, unauma mpaka kwenye taya, na niliona baadhi ya wanaume wananitazama kana kwamba wananingoja niseme. Sikusema. Mama mkwe alijishika magoti akainuka.

"Ni mimi," alisema. "Na nitaziba tena."

Mkutano ukachafuka. Mwenyekiti akapiga meza. Mama mkwe alingoja.

"Mkwe wangu amevunjika mkono kwa ajili yangu, na mimi sitalisahau hilo mpaka kaburini. Lakini tulikuwa na kiu. Mlituletea tuta la kuyazuia maji yasituue, mkatuacha tufe kwa kuyafuata mtoni. Kama hamtaki nizibe, nichimbieni kisima."

Bwana Maji hakukasirika. Alipiga mluzi wake mdogo. "Mama, mngekufa nyote," alisema.

"Najua."

"Mimi niliagizwa tuta. Kisima sikuagizwa."

"Basi jiagize."

Watu wakacheka, hata yeye. Kesho yake nilimwona anatembea kwenye mchanga wa korongo, chini ya tuta, anachomeka nondo hapa na pale na kuinusa. Lakini mimi sikungoja nione mwisho wake. Mkono ulivimba, mume wangu akanipandisha kwenye lori la korosho pamoja na mtoto, nikarudi Ufukoni kwa mama yangu.

Hospitalini waliunyoosha, na nyumbani fundi wa mifupa akaukanda kwa mafuta, ila haukurudi sawasawa. Hadi leo kiwiko changu kinatazama pembeni. Mama yangu alinitunza kama mwanamke aliyetoka kujifungua. Kulikuwa na samaki, maji ya bomba barazani, na sauti za watu wa mji. Nilikuwa mahali nilipopatamani kwa miaka yote ile. Na sikutulia. Nilifagia uwanja wa mama uliokwisha fagiwa. Mvua ikinyesha nilimuuliza kila mpita njia kama lori la upande wa Ruvuma limefika.

"Mwanangu," mama akasema, "wewe umeachika au umeugua?"

"Sijui, mama."

Mume wangu alikuja kunichukua mihogo ilipokuwa inavunwa. Alikaa barazani na baba, wakaongea mambo ya bahari ambayo hakuyajua, kisha baba akaondoka akatuacha.

"Mama anasalimu," alisema. "Kisima kimefika maji. Si kirefu."

"Sirudi chini ya lile tuta."

"Najua. Nimehamisha nguzo. Nyumba iko mteremkoni, haijaezekwa."

"Na mama?"

Alikuna shingo. "Mama amekataa kupanda. Anasema miguu yake haitaki kilima. Nimemwachia chumba kimoja kule chini, nimekizungushia ukuta mpya."

Nilimtazama mtoto wetu anayeburuta kifuu cha nazi mchangani. Nilimwambia mume wangu akatafute makuti mazuri hapa hapa pwani, kwa sababu ya kule hayana maana, na kwamba nitaondoka naye lori likipatikana.

Tulikaa mteremkoni miaka mingi, mpaka mume wangu alipopata kazi Naliendele, karibu na Mtwara mjini, tukahamia huko. Miaka hiyo yote sikuacha kubishana na mama mkwe. Kila masika nilimtuma mtu ampandishe, na kila masika alimrudisha mtu huyo na salamu pamoja na bakuli la mbaazi. Ukiisha mwezi wa mvua nilikuwa nashuka mwenyewe, nikikaa kwake barazani huku tukimenya mihogo, yeye akiwa ametulia kama jiwe la kusagia, mimi nikigeuka kila mara kutazama nyuma ya bega langu.

"Tazama tu," alikuwa akiniambia. "Mmoja wetu inabidi atazame."